Shahidi Si Dalali: Maoni Kuhusu Kuishuhudia Imani ya Kikristo Katika Maisha ya Kila Siku

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekita mizizi katika fikra za wapenzi wa Kiswahili kiasi kwamba ni nadra kumsikia mtu akiihoji. Hata hivyo, Mkristo anayeichukua imani yake kwa uzito hujikuta amesimama baina ya methali hii na agizo ambalo Yesu aliwaachia wafuasi wake mwishoni mwa Injili ya Mathayo, la kuyaendea mataifa yote na kuwapata wanafunzi humo. Je, ikiwa imani hiyo ni njema, mbona itembezwe? Na isipotembezwa, agizo litatekelezwa vipi?

Swali hili si la wanatheolojia peke yao. Ni swali la mwanafunzi anayeishi chumba kimoja bwenini na mwenzake asiyeamini anayoyaamini yeye. Ni swali la mwalimu darasani, mchuuzi sokoni, mhasibu afisini na msafiri ndani ya matatu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 85 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo, na takriban asilimia 11 kuwa Waislamu. Nchi yenye Wakristo wengi kiasi hicho haina uhaba wa mahubiri. Mahubiri yamo garini tunaposafiri, yamo kwenye vipaza sauti mkesha wa mtihani, yamo simuni hata kabla hatujanawa uso. Licha ya wingi huo, wapo wengi miongoni mwetu ambao hawajawahi kuketi na Mkristo aliyewaeleza kwa utulivu kwa nini anaamini, kisha akawasikiliza na wao.

Makala haya yanatetea msimamo mmoja. Mkristo ameitwa kuwa shahidi, hakuitwa kuwa dalali, na matatizo mengi yanayoandama uenezaji wa imani nchini mwetu yanatokana na kuzichanganya kazi hizi mbili. Mimi ni Mkristo, na sijifichi nyuma ya pazia la kutoegemea upande. Ninaandika kwa sababu ninaamini kuwa jambo hili lina thamani, na kitu chenye thamani hakistahili kunadiwa ovyo.

Neno na Familia Yake

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna bahati, kwani lugha yenyewe imetutunukia zana ya kulitatulia swali hili. Neno shahidi lina asili ya Kiarabu, na kutokana na mzizi wake tumepata ukoo mzima wa maneno: shahidi, ushahidi, ushuhuda, kushuhudia na shahada. Inavutia kutazama jinsi Kiswahili kilivyoyagawia maneno haya makao. Ushahidi umekwenda mahakamani. Ushuhuda umekwenda kanisani. Shahada imekwenda msikitini kama tamko la imani, na ikaja chuoni kama cheti cha elimu. Kwa hivyo, hata yule mwenzetu asiyetaka kusikia habari za dini anakesha maktabani akitafuta shahada, yaani ushahidi kuwa amesoma.

Hebu tumtazame shahidi alivyo mahakamani, maana huko ndiko kazi yake inakoonekana waziwazi. Kwanza, husema aliyoyaona na kuyasikia yeye mwenyewe. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja, na kwa kawaida maneno ya kuambiwa na fulani aliyeambiwa na fulani hayapokelewi. Pili, shahidi akishatoa maelezo hukaa pale kizimbani ahojiwe, tena na upande unaompinga. Hana ruhusa ya kusema maneno yake, kisha akashika njia. Tatu, shahidi hatoi hukumu. Hiyo ni kazi ya mwingine. Nne, shahidi aliyelipwa ili aseme haaminiki, na anayesema uongo baada ya kula kiapo hushtakiwa.

Dalali naye ana kazi yake halali, na sina nia ya kuikashifu. Lakini tazama tofauti. Dalali huisifia bidhaa isiyokuwa yake, ambayo huenda hata nyumbani kwake haitumii. Kasoro zake huzifunika. Humharakisha mnunuzi asije akatafakari. Mauzo yakikamilika, huchukua chake na kumwendea mteja mwingine, na yule wa kwanza hana haja naye tena.

Msomaji aulize mwenyewe: mahubiri mengi anayokutana nayo katika shughuli zake za kila siku yanamkumbusha yupi kati ya hawa wawili? Mhubiri wa matatu anayepanda kituo kimoja, akapaza sauti kwa dakika kumi kwa watu wasioweza kushuka, akapitisha mkono wa sadaka, kisha akateremka kabla ya yeyote kuuliza swali, ana nafasi gani ya kuwa shahidi? Huenda anayosema ni kweli tupu. Lakini hakukaa kizimbani.

Injili zenyewe zina mifano mizuri ya ushahidi wa watu wa kawaida. Katika Injili ya Yohana kuna kisa cha mtu aliyezaliwa kipofu akaponywa. Viongozi wa dini walimhoji mara mbili, wakamtisha, wakawaita hata wazazi wake. Mtu huyu hakujifanya mjuzi. Alipoulizwa asilolijua, alikiri kuwa halijui. Alishikilia lile moja alilokuwa na hakika nalo, kwamba jana hakuona na leo anaona. Katika Injili hiyo hiyo, mwanamke Msamaria aliuacha mtungi wake kisimani, akaenda mjini kuwaalika watu waje wajionee. Baadaye watu wale wale walimwambia kuwa sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe, si kwa sababu ya maneno yake. Dalali angeudhika kuambiwa hivyo. Shahidi hufurahi, kwa maana hapo kazi yake imekamilika.

Walioketi Kwanza, Kisha Wakasema

Historia ya Ukristo katika eneo letu ina mengi ya kuhuzunisha, hasa pale msalaba ulipotembea bega kwa bega na bendera ya mkoloni. Hilo limeandikwa sana na halihitaji kurudiwa hapa. Lakini historia hiyo hiyo ina kurasa zinazotuhusu sisi watu wa lugha.

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844. Haikupita hata miezi michache kabla hajawazika mkewe na mtoto wao mchanga. Katika mwaka huo huo alikuwa tayari ameanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mnamo 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikatoka mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Idadi ya watu walioongoka kupitia kwake ilikuwa ndogo mno. Angekuwa dalali, tungesema biashara yake ilianguka. Lakini alikuwa amefanya jambo ambalo wahubiri wengi wa leo hawalifanyi: alijifunza lugha ya anaotaka kusema nao kabla ya kudai wamsikilize.

Mfano wa William Edward Taylor unagusa taaluma yetu kwa karibu zaidi. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi kati ya 1856 na 1927, alikaa Mombasa miongoni mwa Waislamu. Mwaka wa 1891 alichapisha mkusanyiko mkubwa wa methali za Waswahili. Akishirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Kiislamu wa mji huo, alikusanya na kuhifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji. Leo hakuna mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anayeweza kumsoma Muyaka asinufaike na kazi ya wawili hao. Sidai kuwa nia ya Taylor ilikuwa usomi mtupu. Alikuwa mmisionari, na alitaka watu wa Mombasa waikubali Injili. Ninachosema ni kwamba aliona inafaa kuzisikiliza methali zao na tungo zao. Aliyekuja kufundisha alikubali kufundishwa, na mwalimu wake alikuwa mtu wa imani nyingine.

Tukiyachunguza maneno yenyewe ambayo Mkristo huyatumia anapoieleza imani yake, tunaukuta ujirani huo umo ndani yake. Imani, dhambi, toba, neema, rehema, malaika, ibada, sala, Injili, Masihi: yote haya yametoka katika Kiarabu, na mengi yalikuwa yakitumiwa na Waislamu wa pwani kabla ya Biblia kufasiriwa kwa Kiswahili. Mkristo anayemdharau Mwislamu kwa Kiswahili anamdharau kwa maneno aliyoyaazima kwake. Hili pekee lingetosha kutufunza adabu.

Tukivuka mpaka kwenda Buganda, tunakuta jambo jingine. Katika miaka ya 1880, waongofu wa huko walijulikana kama basomi, yaani wasomaji, jinsi ambavyo Wakikuyu baadaye waliwaita Wakristo athomi. Imani ilipita mkono kwa mkono, kijana akimfundisha mwenzake kusoma, na baadhi ya maandishi ya mwanzo waliyoyasoma yalikuwa ya Kiswahili. Vijana hao walipouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887, mmoja wao, Karoli Lwanga, aliwabatiza wenzake kadhaa kabla ya kifo. Wakenya wengi husafiri hadi Namugongo kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Hapa neno shahidi linatufunulia maana yake ya pili: yule aliyelipia maneno yake kwa uhai. Dalali hulipwa kwa maneno yake. Shahidi huenda akayalipia.

Sajili Isiyovuka Kizingiti

Katika somo la isimujamii tunafundishwa kuwa kila uwanja una sajili yake. Sajili ya dini ni mojawapo, na ndani yake kuna kijisajili cha walokole ambacho kimestawi mno vyuoni. Asiyekijua atasikia habari za mpenyo, upako, kufunikwa kwa damu, kupanda mbegu, kufungua milango na kuvunja madhabahu, asijue kama anaelezwa habari za wokovu, za kilimo au za useremala.

Neno mlokole lenyewe lina historia inayostahili heshima. Limetokana na Luganda, ambamo balokole ni waliookoka. Lilienea pamoja na uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kenya na Tanganyika. Walokole wa mwanzo walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza majirani: waliziungama dhambi zao hadharani na kurudisha walivyoiba. Mtu alimwendea mwajiri wake na kumrudishia mali yake, au akalipa deni ambalo aliyemkopesha alikuwa ameshalisahau. Wakati wa vita vya Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo, na wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Tunaweza kubishana kuhusu uamuzi wao wa kisiasa, lakini hatuwezi kusema kuwa maneno yao hayakuwa na uzito.

Tatizo letu ni kwamba tumerithi msamiati tukausahau mzigo ulioubeba. Mtu husema ameokoka kwa wepesi ule ule anaosema ameamkaje. Fauka ya hayo, sajili ya ndani ya kikundi ina kazi mbili: huwaunganisha walio ndani na kuwafungia nje walio nje. Mkristo anayemweleza mwenzake wa chumbani imani yake kwa lugha ya ibadani ni kama shahidi anayetoa ushahidi kwa lugha ambayo hakimu haielewi, tena bila mkalimani. Akimaliza, hulaumu ugumu wa moyo wa hakimu.

Nadiriki kusema kuwa hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana deni la kulipa. Sisi tumefunzwa kufasiri. Tunajua kuwa tafsiri nzuri humfikiria mpokeaji. Je, tunaweza kueleza toba bila kutumia neno toba? Tunaweza kumweleza rafiki neema kwa mfano wa mkopeshaji aliyelichana daftari la madeni? Yesu mwenyewe alisema kwa mifano ya mpanzi, chachu, sarafu iliyopotea na mwana aliyerudi nyumbani. Aliwaambia wavuvi mambo kwa lugha ya nyavu. Asiyeweza kuieleza imani yake kwa lugha ya jikoni na ya kituo cha matatu huenda bado hajaielewa mwenyewe.

Rungu Nyuma ya Neno

Nilitaja kuwa shahidi hatoi hukumu. Sharti niongeze kuwa shahidi pia hana mamlaka juu ya anayemsikiliza. Mara tu anapokuwa nayo, ushuhuda huanza kunuka shuruti.

Fikiria mhadhiri anayemhubiria mwanafunzi ambaye alama zake zimo mikononi mwake. Fikiria mwajiri anayewataka wafanyakazi wote wahudhurie maombi ya asubuhi, na kumtazama kwa jicho la pembe asiyehudhuria. Fikiria mfadhili anayegawa unga wakati wa njaa, lakini foleni ya unga imepitishwa mlangoni mwa kanisa. Katika hali hizi, jibu la ndiyo halina maana, maana jibu la hapana lina gharama. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha dini yake hadharani na faraghani, peke yake au pamoja na wengine. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Nusu hizi mbili haziwezi kutenganishwa. Anayedai uhuru wa kusema ameukubali uhuru wa mwenzake wa kukataa.

Waama, taifa letu limeshaona mwisho wa njia ya shuruti na udanganyifu. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Kwa mujibu wa upande wa mashtaka, watu hao walishawishiwa kufunga chakula hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwemo watoto wengi. Baada ya Shakahola, Mkristo anayemkaribia jirani yake na kumwambia kuwa ana habari njema hana budi kuelewa kwa nini jirani huyo anarudi hatua moja nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jibu la woga huo haliwezi kuwa sauti ya juu zaidi. Jibu lake ni kukubali kuhojiwa: fedha zinakwenda wapi, kiongozi anawajibika kwa nani, kwa nini mnafundisha hivi, na nikiondoka mtanitendea vipi?

Je, Tunyamaze?

Wapo watakaoyasoma haya na kusema kuwa njia salama ni kunyamaza. Watairudia methali tuliyoanza nayo: chema chajiuza. Mkristo na aishi vyema, wasemao, na matendo yake yatasema.

Hoja hii ina nguvu, na nitaikubali nusu yake. Matendo hutangulia. Mwanachama wa umoja wa Wakristo chuoni anayeingia kwenye mtihani na mwakenya mfukoni ameshatoa ushahidi wake, na hakuna mkutano wa injili utakaoufuta. Mweka hazina wa chama anayezikopa fedha za akina mama bila ruhusa, kisha akaongoza maombi ya kufungua mkutano, amehubiri mahubiri marefu ambayo wenzake hawatayasahau. Karani anayeomba kitu kidogo chini ya kalenda yenye aya ya Biblia amewaeleza wananchi aya hiyo ina thamani gani kwake. Kwa upande mwingine, kondakta anayemwita abiria arudi achukue chenji yake, au mwanafunzi anayemkaribisha kwenye ugali wake mwenzake ambaye mkopo wa serikali umechelewa, huyo anastahili kusikilizwa atakapofungua kinywa.

Lakini atakapofungua kinywa. Hapo ndipo ninapoachana na wanaopendekeza kimya. Matendo mema peke yake yana utata kama yalivyo maandishi yasiyo na anwani. Anayetazama huweza kudhani kuwa huyu ni mtu mwema wa kuzaliwa, au amelelewa vizuri, au anatafuta kura. Ikiwa Mkristo anaamini kwa dhati kuwa wema huo hakuutoa kwake, kunyamaza ni kujitwalia sifa isiyo yake. Isitoshe, mahakamani shahidi aliyeona na akakataa kusema hatumwiti mnyenyekevu. Tunajua kuwa kimya chake kinaweza kumwacha mtu asiye na hatia gerezani. Mwenzako wa chumbani aliyefiwa na mama anapokuuliza usiku kama unaamini kuwa wafu wataonana tena, hakuulizi ili umjibu kwa tabasamu. Anataka kujua unaamini nini.

Barua ya kwanza ya Petro inalipima jambo hili kwa mizani ninayoipenda. Inawataka waumini wawe tayari kila wakati kumjibu yeyote anayewauliza sababu ya tumaini lao, na wafanye hivyo kwa upole na kwa heshima. Kuna mambo matatu hapo. Kwanza, lazima kuwe na tumaini linaloonekana, la sivyo hakuna atakayeuliza. Pili, lazima kuwe na jibu, na jibu hupatikana kwa kusoma na kutafakari. Tatu, jibu lina adabu yake. Anayekosa la kwanza ni mnafiki, anayekosa la pili ni mvivu, na anayekosa la tatu ni mkorofi.

Na upo wakati ambapo hata jibu sahihi husubiri. Katika Kitabu cha Ayubu, marafiki waliokuja kumliwaza waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hayo ndiyo mema makubwa waliyomtendea. Walipofungua vinywa, waliharibu. Wakenya tunaojua kuketi matangani tunalielewa hili. Anayechota maji, anayepasua kuni na anayewapeleka watoto shule wakati mama yao yuko hospitalini wanazungumza tayari. Mahubiri yanayofanywa mbele ya jeneza ili kuwatisha waombolezaji waokoke hayana staha hiyo.

Jirani Naye Ana Ushahidi Wake

Ipo hatua moja ambayo sisi Wakristo huisahau. Kushiriki imani si barabara ya upande mmoja. Anayetaka kusikilizwa hana budi kuamini kuwa jirani naye ameona mambo.

Mnamo Novemba 2014, karibu na mji wa Mandera, wauaji waliliteka basi, wakawatenga wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi, na Wakristo ndio waliolengwa. Hao walikuwa wanafunzi kama sisi. Kisha, Desemba mwaka huo huo, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru abiria wajitenge kwa dini. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo mavazi ya kujifunika ili wasitambuliwe. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekuwa miongoni mwa abiria hao, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Mkristo anayelijua tukio hilo atawezaje kumkaribia Mwislamu kana kwamba anakwenda kwa mtu asiyejua lolote kuhusu upendo wa jirani? Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia kisa ambacho shujaa wake hakuwa wa dini ya waliomsikiliza, alikuwa Msamaria. Kisa cha El Wak kimetusimulia jambo hilo upya, na hapa kwetu. Hili halimtaki Mkristo aiache imani yake, wala haliwafanyi watu wa dini mbili waamini kitu kimoja. Tofauti zipo, na ni kubwa. Linachotaka ni kwamba anapoeleza yake, aulize pia ya mwenzake, naye akae akahojiwe kama anavyohoji. Mazungumzo ya aina hiyo humfunza mtu kuijua imani yake zaidi kuliko mihadhara mingi.

Hitimisho

Tukiirudia methali ya wahenga, naona kuwa haikukosea, bali huwa tunaisoma kwa haraka. Haikusema kuwa chema hunyamaza. Ilisema kuwa chema hakihitaji kelele za mchuuzi. Kati ya kelele na kimya kuna sauti ya tatu, nayo ni sauti ya mtu anayesema alichokiona, kwa lugha inayoeleweka, akiwa tayari kuulizwa, na akimwachia msikilizaji uamuzi.

Kwa hivyo, nawaomba wanafunzi wenzangu Wakristo tujipime kwa maswali machache. Je, ninayemsemesha ninajua jina lake na taabu zake, au kwangu ni hesabu ya kupeleka kwenye ripoti ya misheni? Je, akikataa, nitaendelea kuwa rafiki yake? Je, akiniuliza nisilolijua, nitakubali kuwa silijui? Je, maneno yangu angeyaelewa mtu ambaye hajawahi kuingia kanisani? Na kwa walimu wetu, naomba sajili ya dini isibaki kuwa orodha ya sifa tunazokariri kwa ajili ya mtihani. Ichunguzwe kama lugha hai inayoweza kuponya na inayoweza kuua, kwa maana Shakahola ilianza kwa maneno.

Agizo lililo mwishoni mwa Injili ya Mathayo, kama tulivyoliona mwanzoni, linahusu kupata wanafunzi, na hilo ni neno tunalolijua vyema sisi tulio chuoni. Mwanafunzi hapatikani kwa dakika kumi ndani ya matatu. Hupatikana pale mtu anapokaa na mwingine, siku baada ya siku, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na mara nyingine wakibadilishana viti.